Jiwe la Watu Wawili

Kama una nyumba huku kusini mwa Johannesburg na getini pako wamekaa simba wawili wa simenti, au barazani una nguzo za duara zilizovikwa majani kichwani, basi huenda nilizimimina mimi. Sikudai salamu. Nasema tu upate kujua anayekusimulia ni nani, kwa maana jina langu halitakusaidia kitu.

Nilifanya kazi kwenye yadi ya sanamu kule Malvern, barabara ya nyuma ya Jules Street. Kazi yenyewe niliipata kwa kuomba maji ya kunywa. Nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka mtaa wa La Rochelle, jua limenipiga, natafuta kibarua cha uashi, ndiyo kazi niliyotoka nayo Uvira, Kongo. Nikaona geti liko wazi, na ndani watu wengi weupe wamesimama kimya. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Nikaona aibu, nikajaribu kwa Kifaransa, bonjour. Hata mmoja hakugeuza shingo. Ndipo mama mmoja wa Kireno, mtu mzima tayari wakati ule, akachomoza nyuma ya chemchemi ya simenti na ndoo mkononi, akanicheka mpaka maji yakamwagika.

"Hao hawajibu," akasema. "Hao ni Warumi."

Maji nikapewa, na kazi nikapewa. Nilimwita Senyora tangu siku hiyo. Yeye alifika nchi hii akiwa msichana, ametoka Madeira, kisiwa cha kwao, na yadi aliianza mumewe, aliyefariki kabla sijafika. Tulizungumza lugha ambayo ni yetu wawili tu: Kiingereza cha kubomoka, Kireno chake, Kifaransa changu kidogo, na Kiswahili nilichomfundisha. Neno alilolipenda lilikuwa "polepole". Kila simenti ilipomiminwa alisimama nyuma yangu, "Polepole, polepole," kama vile mimi ni baiskeli inayoshuka mlima bila breki.

Sasa hao Warumi. Walitoka kwenye kitabu. Kitabu kikubwa cha picha, kizito kama tofali, kurasa nyingine zimegandana kwa simenti ya vidole vya marehemu mumewe. Kiliandikwa Kitaliano, na Senyora hakujua Kitaliano. Alikisoma kwa kubahatisha kutoka Kireno chake. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nilimtegemea yeye, naye alitegemea kubahatisha, na hivyo ndivyo nilivyosoma mambo ya Roma. Kama kuna nitakalokosea hapa, sisi wawili tuligawana kosa.

Saa ya chakula alikuwa akila mkate na dagaa wa kopo, anafunua kurasa kwa kiganja ili asipake mafuta. Nikaona sakafu ambazo wale watu walizipamba kwa vijiwe vidogo vidogo vya rangi, samaki, kaa, hata makombo ya chakula, kama vile mtu amemaliza kula na hakuna aliyefagia. Nikaona ukuta uliofukuliwa kwenye majivu ya mlima wa moto, rangi nyekundu ingali mbichi. Huo mlima ulinigusa, kwa sababu na sisi huko kwetu Kivu tunao wa kwetu, na shangazi yangu aliacha nyumba ndani ya mawe yake.

Wateja wa Johannesburg walitaka Warumi vijana. Vifua, mapaja, nywele za mawimbi. Mimi niliwapenda wazee. Kulikuwa na kurasa nzima za vichwa vya wazee wa Kirumi, na wale watu hawakuficha kitu: upara, mashavu yaliyolegea, chunjua, sikio moja limesimama kuliko lenzake. Nikamuuliza Senyora, hawa walilipa fundi wakakubali kutengenezwa wabaya namna hii? Akasema kwao uso wa mtu aliyechoka ulikuwa heshima. Nilifurahi sana. Nilikuwa na uso huo tayari.

Na kulikuwa na ukurasa mmoja wa mawe ya makaburi. Huo ndio uliozaa haya yote, kwa hiyo nisipotee.

Kwenye mawe hayo watu wamechomoza kuanzia kiunoni, kama wamesimama dirishani. Mume na mke, wameshikana mikono ya kulia, wanakutazama. Chini yao mengine yana kazi zao: mwoka mikate na tanuri lake, mshona viatu na kiatu. Senyora akabahatisha maandishi. Akasema wengi wa hawa walikuwa watumwa waliochukuliwa mbali, nchi za watu. Wakafanya kazi, wakaachiliwa huru, na mtu akishakuwa huru alitaka jiwe lake, liwekwe kando ya barabara ya kutokea mjini, wapita njia wamwone yeye na mke wake na kazi yake. Na hawakungoja kufa. Wengi waliliagiza wakiwa hai.

"Wageni," akasema Senyora, akijipangusa mafuta mdomoni. "Kama mimi na wewe."

Lakini ngoja nimlete mke wangu, kwa sababu bila yeye jiwe hili ni simenti tu.

Mke wangu aliuza sombe. Wakongo wa mji huu wanajua: majani ya mihogo yanatwangwa, yanafungwa kwenye mifuko, mtu anakwenda kupika nyumbani. Sasa sombe ya mashine ipo, lakini yeye aliidharau, alisema haina uvumilivu. Alitwanga kwa kinu na mchi. Taabu ni kwamba tulipanga chumba La Rochelle, ghorofa ya juu, na kinu kilipoanza, vikombe vya jirani wa chini vilicheza kabatini. Jirani alikuja, mwenye nyumba alikuja, hata mwenye spaza, kile kiduka cha pembeni, alikuja kuuliza kama tunabomoa. Mke wangu akawaonjesha wote. Walikula, wakasifu, wakasema hata hivyo atafute mahali pengine.

Nikamweleza Senyora. Hakufikiri hata kidogo. "Alete hicho kinu hapa."

Kwa hiyo miaka mingi mke wangu alitwanga sombe katikati ya Warumi. Siku ya kwanza kabisa aliweka kinu chini, akainua mchi, akautua. Mbele yake alisimama kijana mmoja wa simenti, uchi wa mnyama, mkono kiunoni.

"Mimi siwezi kutwanga mboga ya watu mbele ya huyu," akasema.

Akafungua kikwembe chake cha juu, kile kitenge chenye jogoo wa njano, akamfunga yule kijana kiunoni, fundo zuri la kwenda kanisani. Mteja aliyeingia mchana akauliza kama kile kitambaa kinauzwa pamoja na sanamu. Senyora alicheka hiyo wiki nzima. Na kile kikwembe kikawa sare ya yule kijana: asubuhi anavalishwa, jioni anavuliwa. Hatukumuuza. Mke wangu alikataa, alisema wameshazoeana.

Mwaka ule wa vurugu, 2008, moto ulipoanzia mtaa wa Alexandra na watu wakawa wanauliza wageni wako wapi, Senyora alitufungia ndani ya yadi, sisi wawili na binti yetu, kwenye stoo ya vichwa na mikono. Alikaa getini kwenye kiti cha plastiki na kitabu chake mapajani, mama mzee, na aliyepita akamuuliza alijibiwa kwamba humu ndani kuna Warumi watupu. Sina namna ya kulipa hilo. Nimelitaja hapa kwa sababu sijui mahali pengine pa kulitaja.

Basi. Mke wangu akaugua kifua, akatuacha. Tulimzika hapa hapa. Uvira ni mbali na yeye mwenyewe alisema nisimsafirishe kama mzigo.

Wenyeji wa Afrika Kusini wana desturi nzuri ya kufunua jiwe. Mtu akishazikwa, baada ya muda familia inaweka jiwe, linafunikwa kitambaa, watu wanakusanyika, wanaimba, kitambaa kinavutwa. Na sisi tunayo siku ya kutoa matanga. Tukaunganisha vyote viwili, kama wengi wanavyofanya siku hizi. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, ndiye atakayevuta kitambaa. Hilo halikuwa na mjadala.

Nikamwambia Senyora jiwe nitatengeneza mwenyewe. Akaniletea simenti nyeupe, ile ya bei, akaiacha mlangoni akaondoka.

Nilianza na udongo wa mfinyanzi, maana sura unaifanya kwa udongo kwanza, unaichukulia kalibu, halafu ndiyo unamimina. Nilimtengeneza kama Warumi walivyotengeneza watu wao. Sikumrudisha ujana. Niliweka ule mfinyo katikati ya nyusi, uliotokana na moshi na, kwa kweli, na kunitazama mimi. Niliweka kilemba. Chini yake niliweka kinu na mchi. Vidole vyangu vilijua mashavu yake kuliko kichwa changu. Nilikuwa nikifikiri mambo mengine, nikirudi kutazama nakuta ni yeye.

Halafu nikaona pembeni pamebaki wazi. Kwenye kitabu walikuwa wawili. Nikachukua kioo cha pembeni cha lori bovu lililolala yadini, nikajitengeneza na mimi, nimemshika mkono wa kulia. Senyora akapita, akasimama, akanitazama mimi, akatazama udongo.

"Umejipunguzia masikio," akasema.

Ni kweli nilikuwa nimeyapunguza. Nikayaacha hivyo.

Jiwe lilipotoka kwenye kalibu likakauka, nikamwita binti yangu. Ana saluni yake Jules Street, anasuka na kushona nywele. Alikuja nchi hii bado anabebwa mgongoni. Kiswahili anakijua lakini anakichanganya. Aliingia, akamwona mama yake. Aliweka kidole kwenye ule mfinyo wa nyusi, akalia, nami nikatoka nje nikajifanya naosha mwiko.

Niliporudi alikuwa ameacha kulia.

"Papa, huyu wa pili ni nani?"

"Si mimi?"

"Wewe umekufa?"

"Bado."

"Eish, Papa! Sasa unafanya nini kwenye kaburi?"

"Nimemshika mama yako mkono."

"Mtu mzima hai hawekwi kwenye kaburi. Unajiita! Unaiambia mauti, nipo huku, njoo."

"Warumi walifanya hivyo. Wote. Mtu yuko hai, anauza mikate yake, jiwe lake limesimama barabarani."

"Na Warumi hao wako wapi sasa?"

Nikaanza kupangusa mwiko.

"Wamekufa, Papa! Wote! Hata mmoja hajabaki!"

Nilicheka, na kucheka kwangu ndiko kulikoharibu. Alichukua mkoba wake. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo kwa mama yake ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Mimi nimeshamzika mmoja. Jiwe hilo likiwa na uso wako, sitakuja kulifunua. Tafuta mtu mwingine avute kitambaa."

Akaondoka. Nikamwona anavuka barabara bila kutazama robot, yaani taa za barabarani, magari yanampigia honi.

Usinielewe vibaya, nilijua kwamba ana haki. Hata huko Uvira ningemwona mzee anayefanya hivyo ningesema amerukwa na akili. Ni kitabu. Nilikitazama miaka mingi mno, nikasahau kwamba wale si wazee wa kwetu. Mchungaji wetu naye alikuja kutazama, akalizunguka jiwe mzunguko mzima, mikono nyuma. "Baba," akasema, "dhambi sioni. Lakini mimi nisingethubutu." Na akina mama wa kanisa waliponisikia nasema Warumi, mmoja akaruka, "Si ndio hao waliomsulubisha Bwana? Na wewe unamweka mwenzetu kwao?"

Lakini kumwacha peke yake kwenye jiwe pia sikuweza. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Nikiukata wangu, wake utabaki umenyooka unaomba kitu.

Senyora ndiye aliyenitoa. Alileta kitabu, akafunua ukurasa ambao tulikuwa hatuupiti sana, wa masanduku ya mawe ambamo Warumi matajiri walizikwa. Ubavuni pamechongwa watu, na ni kazi ya ajabu: nguo zina mikunjo, vidole vina kucha. Lakini mtu wa katikati, mwenye sanduku, hana uso. Pale pa uso pana bonge la jiwe tu, limeparuzwa.

"Waliyanunua yakiwa tayari," akabahatisha. "Nguo tayari, mikono tayari. Uso unangoja mwenyewe. Na wengine, nafikiri, mwenyewe alikuja na hakuna aliyekumbuka kumalizia."

Nikatazama ule ukurasa muda mrefu. Halafu nikaenda kutafuta tindo na nyundo.

Nilimpigia simu binti yangu, nikamwambia aje Jumamosi aone kwa macho yake, asije akadhani nimefunika kwa rangi. Alikuja na chai kwenye thamosi, na andazi, kwa maana hasira yake haijawahi kumzuia kunilisha. Akakaa juu ya mfuko wa mchanga, karibu na yule kijana wa kikwembe.

"Natoa uso," nikamwambia. "Mwili unabaki, na mkono unabaki. Hapo hatakuwa mimi. Atakuwa mtu tu."

"Sawa, Papa. Asante."

Nikaanza na pua. Pua ya simenti haisumbui, pigo moja inaruka. Nikamwona ameshtuka lakini akanywa chai. Nikashukia masikio, vile visikio vidogo nilivyojipendelea. Nikaja jicho. Sijui kama umewahi kupiga jicho lako mwenyewe kwa nyundo. Si kazi ya kupendeza, mkono unavuta nyuma wenyewe. Vumbi jeupe likanijaa kwenye nywele na nyusi. Nikapiga jicho la pili. Nyuma yangu nikasikia kikombe kimewekwa chini.

Nikasogeza tindo mdomoni, nikainua nyundo. Nikashikwa mkono.

"Basi, Papa."

"Mdomo bado."

"Nimesema basi. Siwezi kukutazama unajipiga hivi."

"Ni simenti, mwanangu."

"Naona ni simenti! Nina macho!" Na hapo alikuwa analia tena, ananitoa vumbi usoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama ninavyomwona anafuta wateja nywele shingoni. "Acha mdomo."

"Nusu nusu hivi? Watu watasema nini?"

"Waseme. Mama alikuwa anasema wewe hunyamazi hata ukiwa unakula. Alikuwa halali mpaka usikike unabwabwaja. Sasa umweke na mtu asiye na mdomo? Atamfanyia nini huyo?"

Nikaweka tindo na nyundo chini.

Senyora alikuja na kijiti chake cha kutembelea, akakaza macho. Mke wangu yuko mzima, kilemba, mfinyo, kinu. Na pembeni yake mtu amemshika mkono, hana pua, hana macho, hana masikio, ana mdomo na kidevu.

"Ah," akasema. "Sasa ndiyo Mrumi wa kweli. Wote kwenye kitabu wako hivi."

Binti yangu akacheka na kamasi zake. "Kwa hiyo na yeye amefukuliwa?"

"Amefukuliwa," nikasema. "Mpe chai."

Siku ya kufunua, baridi ya huku juu ilikuwa imekaza, ile ya jua kali lisilo na joto. Jiwe tulilifunika kwa kikwembe cha jogoo, tulikwenda kumvua yule kijana asubuhi ile na akabaki uchi siku nzima, mke wangu atanisamehe. Kwaya iliimba. Senyora alikaa kwenye kile kile kiti cha plastiki. Binti yangu akashika pindo, akavuta, na kitambaa kikanasa. Kilinasa kwenye makovu ya tindo, hapo juu ya mdomo wangu. Ilibidi ainame, aingize vidole, akinasue taratibu kisichanike. "Polepole," nikamsikia Senyora.

Kikwembe kikatoka. Watu wakapiga vigelegele kwa mama wa sombe, kila mtu alimjua, kinu chake walikijua. Halafu mama mmoja wa kanisa, yule yule wa kuruka, akauliza kwa sauti, "Na huyu asiye na macho ni nani?"

Nilimwachia binti yangu ajibu. Sikutaka kuharibu tena.

"Ni Papa," akasema binti yangu, akikunja kikwembe kifuani. "Uso wake tutaumalizia baadaye. Hatuna haraka."

Ninapoandika haya nakwenda kaburini kila nikipata nafasi, nashuka kwenye teksi na kijiti changu, maana sasa na mimi nina kijiti. Namwambia mke wangu habari: nani ameoa, sombe ya mashine imefika mpaka Malvern, Senyora anakumbuka kidogo sana lakini "polepole" haijamtoka. Mvua ya mawe ilishapiga lile jiwe mara kadhaa, halijatikisika. Simenti nzuri ile.

Na Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, binti yangu anakuja yadini. Anakaa mbele yangu na bonge la udongo, ananishika kidevu, ananigeuza huku na huku mwangani kama kichwa cha mteja. Anajifunza sura yangu, kwa siku ile itakapohitajika. Mikono anayo, ameirithi pande zote mbili. Pua ameiweza, macho anakaribia. Masikio yanamshinda. Anasema ni makubwa kupita maelezo, kila akimaliza anagundua hayajatosha, anayavunja anaanza upya, na ananionya nisiende popote mpaka ayapatie. Namjibu sina safari. Nakaa, nanywa chai yake, nasimulia, naye ananiambia, "Papa, nyamaza kidogo, nafanya mashavu."